Mlango wa Nne

Lewisham, London
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kaka yangu mpenzi Abdulwakil,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, na huo mgongo nao haujambo? Bado unaupaka mafuta ya mkaratusi au umeshayaacha kama ulivyoacha dawa zote ulizopewa? Wifi yangu namuulizia kwa moyo wote, na wanangu wote hapo nyumbani. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mie na magoti na sukari, na hayo nimeshayazoea. Baridi imeanza kuchungulia. Binti yako Miska yuko kazini hospitali, zamu ya mchana, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa jikoni na kalamu.

Najua utashangaa kupata barua na jana tu tumezungumza kwa simu. Lakini simu yako unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na jirani wa ukuta naye anasikia. Haya si maneno ya spika. Barua anakuja nayo Gladness, mwenzake Miska kazini, anayekuja Unguja kwa mapumziko. Anapanda ndege kesho usiku, na kabla ya Alhamisi atakuwa ameshakupa mkononi. Jana uliniambia kwamba Ijumaa baada ya sala utawapa jawabu watu wa Wete, kuwa posa ya kijana wao Amir kwa Miska hatukuikubali. Nakuomba, kabla hujafungua mdomo, isome hii yote mpaka chini.

Turudi nyuma kidogo. Posa ilipokuja tuligawana kazi ya kuulizia, kama ilivyo desturi yetu. Upande wa marehemu baba yake kijana, Zein, yule baharia wa Wete aliyekwenda kuishia Norwei, uliulizia wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba, ukaridhika. Upande wa mama, Mzungu, na kijiji alichokulia kijana, ukaniachia mie. Ukaniambia nikafungue macho. Kaka, wewe unanijua, haya macho yangu lini yaliwahi kufumba?

Basi tukaenda, mie na Miska, siku sita. Amir alitupokea uwanja wa ndege wa Bergen, akachukua begi langu, akasema karibu shangazi, kisha akaendesha gari saa mbili bila ya neno. Nikajisemea, kijana mkimya namna hii, si bure. Kila nikisinzia nafumbua jicho moja namtazama kwenye kioo. Njia yenyewe inapita ndani ya milima, wameitoboa tundu baada ya tundu, mengine marefu hata nikaanza kusoma ayatul-kursiyyu. Halafu tukapanda pantoni, halafu tukatokea penyewe.

Kijiji hicho jina lake sijui kulitamka mpaka leo. Bahari imeingia katikati ya milima kama barabara ya maji, haina mawimbi wala harufu ya chumvi, wao wanaiita fyodi. Juu kabisa kuna theluji, na hapo katikati, kutoka mlimani mpaka majini, ni maepo tu. Miti mifupi, imepangwa safu safu na kufungwa kwenye waya, imezaa hata matawi yameegemezwa vijiti yasivunjike. Pazuri, siwezi kusema uongo. Na huo uzuri nao ukanitia shaka, maana sijapata kuona mahali pazuri hivyo pasipo na mlinzi.

Kando ya njia wameweka vibanda, ndani yake mifuko ya maepo na plamu, na muuzaji hayupo. Nikamuuliza Amir nani anaangalia. Akaniambia hakuna anayeangalia, mtu anachukua mfuko, anaacha pesa, anakwenda zake. Ati hakuna! Nikatazama juu ya miti kutafuta kamera. Sikuiona, nikasema basi wameificha vizuri. Siku zote sita nikipita pale napita na mikono yangu nyuma, nisije nikaambiwa nimeiba. Na milango nayo hawaifungi, nyumba zimeachwa wazi kutwa kucha. Mlango mmoja tu niliuona una kufuli, nao ni wa ghala la kina Amir. Hapo machale yakanicheza kweli kweli.

Mama yake, anaitwa Torunn, ni mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi. Alinipa mkono, hakunikumbatia. Hakuniuliza habari za nyumbani, wala za safari, wala za nani wala nani. Alitukaribisha chakula saa kumi, samaki na viazi, na sufuria aliyopikia ilikuwa mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa chini. Sufuria hiyo nilikaa nayo rohoni siku mbili nzima. Hizo za zamani zilikuwa zinapika nini hata zifichwe mgeni asizione?

Kubwa zaidi ni hili. Kijiji kile kinasifika kwa maepo, na maepo mengi wanayakamua, wakayachachusha, wakafanya pombe. Nimeona mapipa kwa jirani wa kulia na kwa jirani wa kushoto, na mabango njiani yamechorwa chupa. Ikawa kila nikipita kwenye lile ghala la kufuli naweka pua kwenye ufa wa mlango. Harufu ya maepo nikaipata. Harufu ya pombe yao siijui ikoje, lakini wallahi nikaamini nimeipata na yenyewe.

Siku ya tatu, Jumatano, Miska na Amir wakaenda kumsaidia mama kuchuma. Mie nikavaa koti langu juu ya baibui nikatoka kuulizia, mlango kwa mlango, kama ningefanya kwetu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja juu ya ngazi. Nikamsalimu vizuri kwa Kiingereza, nikamuuliza kama watu wa Torunn ni watu wema, kama kijana anakunywa, kama ana mke au mtoto aliyefichwa mahali. Akashuka, akajifuta mikono, akaniambia jua litakuwepo mpaka Ijumaa, na habari za Torunn ni bora nimuulize Torunn. Wa pili, mwanamke mwenye mbwa, aligeuka mwekundu mpaka masikioni, akasema wale ni majirani zake tu, akaniaga. Nyumba ya tatu walinikaribisha ndani wakanipa kahawa, wananichekea, mpaka nilipouliza. Mke akamtazama mume, mume akatazama dirishani, akasema wao hawazungumzi habari za watu.

Wewe unajua, kaka, jawabu kama hilo kwetu maana yake nini. Mtu akiulizwa juu ya posa akasema mimi sijui, waulizeni wenyewe, ameshasema. Hataki dhambi ya kuvunja ndoa wala dhambi ya kudanganya, kwa hiyo anafunga mdomo, na mwenye akili anavaa viatu vyake anaondoka. Hivyo ndivyo wewe ulivyowakataa wale wa mwanzo waliomtaka Miska, kwa sababu ya majirani wawili walionyamaza. Mie nilikuwa na watatu. Hivyo ndivyo nilivyokwambia jana kwenye simu, na mapipa ya majirani, na sufuria, na kufuli, na wewe ukasema basi, imetosha. Miska alikuwa amekaa karibu yangu anasikia kila neno.

Sasa kaka, kaa vizuri. Milango niliyobisha haikuwa mitatu. Ilikuwa minne.

Wa nne sikuubisha hata, niliitwa. Ni bibi kizee anaitwa Borghild, ana miaka themanini na kitu, nyumba yake iko juu ya shamba la kina Amir. Alikuwa amesimama kizingitini ananipungia fimbo. Alisema ameshapigiwa simu na watu wawili kuambiwa kwamba kuna mama wa baibui jeusi anauliza habari za Torunn, na alipokuwa ananieleza hivyo akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia jinsi majirani walivyonyamaza na kwamba mie si mtoto, nimeelewa. Akasema sikuelewa kitu. Kwao kumzungumzia jirani mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, iwe kwa wema au kwa ubaya, na hata Torunn angekuwa malaika wangenyamaza vile vile. Yeye, akasema, ameshazeeka, adabu zimemchosha, niulize ninachotaka.

Nikauliza yote. Akaniambia nusu ya ile miti Zein aliipanda kwa mikono yake. Kijiji kilipoanza kufanya pombe, yeye alikataa, akauza matunda na juisi tu, na watu wakamcheka. Amekufa mwaka wa kumi na moja huu. Kila msimu wanakuja wanunuzi kwa Torunn, wanayataka maepo yake wakachachushe, naye anawajibu kwamba mume wake hakupenda. Yeye ambaye si Muislamu, kaka, na mume yuko kaburini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akimwangalia! Kufuli la ghala ni kwa sababu ya mashine ya kukamulia juisi, iliwahi kumkata Amir kidole alipokuwa mdogo. Sufuria alikwenda kuinunua mjini, alipokwisha kumuuliza mwanawe anipikie vipi nile na moyo wangu utulie, maana zake zimeshapikiwa nguruwe kabla. Na Amir hanywi, hana mke popote, na theluji ya mlangoni kwa bibi huyo msimu wa baridi anaiondoa yeye kila asubuhi bila ya kuombwa. Nikamuuliza mbona basi kijana ni mkimya vile. Akasema kijana ananiogopa mie, shangazi mtu.

Nilishuka kutoka kule juu nimeshajua kila kitu. Hiyo ilikuwa Jumatano. Na jana, Jumapili, nikakwambia milango mitatu.

Utaniuliza kwa nini. Nitaandika kabla mkono haujasita. Miska akiolewa atakwenda kukaa kule, kati ya maepo. Miaka kumi na minane ninaye, tangu ulipomleta hapa ana miaka tisa na koti lililompita magoti. Yeye ndiye anayenipima sukari asubuhi. Yeye ndiye anayenivua viatu magoti yakivimba. Saa mbili za usiku nikisikia ufunguo wake mlangoni ndipo chakula kinapopita kooni. Akiondoka, mie katika flati hii nabaki na redio. Nilikwenda Norwei na woga huo tumboni, kaka, nikauita uangalifu. Sikuwa naomba wale watu wawe wema. Nilikuwa naomba wawe wabaya, na kila walipokuwa wema nilikasirika. Kwa yule bibi nilitoka nimenuna.

Jana baada ya simu Miska hakulia. Laiti angelia, laiti angenipigia kelele! Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kama shangazi amekwenda mwenyewe akaona na hakuridhika, yeye hana neno, maana shangazi hawezi kumtakia baya. Kisha akaleta kile kijimashine chake, akanishika kidole, akanipima sukari. Nikashindwa kumtazama usoni.

Basi Ijumaa waambie watu wa Wete kwamba tumekubali. Ulinituma niwe shahidi, na ushahidi wangu ni huu: nyumba ile ni ya halali, mama yule ni mtu wa ahadi kuliko mie, na kijana anafaa. Ukinikasirikia una haki. Usinitafutie udhuru kwa wifi wala kwa mtu mwingine yeyote.

Kumwambia Miska mwenyewe kwa mdomo nimeshindwa. Leo asubuhi nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama amekula. Lakini yeye ndiye atakayempelekea Gladness barua hii kesho, mwendo wa mabasi mawili, na Kiswahili anakisoma pole pole lakini anakisoma. Bahasha sikuifunga. Juu yake nimeandika majina mawili, na la kwanza ni lake.

Nisalimie wifi na wanangu, na wote wanaoniulizia mtaani. Niombeeni dua. Mwenyezi Mungu akuweke, kaka, na akupe moyo mpana wa kunipokea na haya.

Mimi mdogo wako, ninayengoja kauli yako na yake,

Ummukulthum