Valvu ya Saba

Temeke,
Ijumaa, 14 Agosti 1953

Kaka yangu mpendwa Projestus,

Shikamoo. Natumaini hujambo hapo Iringa, wewe na shemeji Auleria na watoto wote. Je, kikohozi cha shemeji kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenikaa vibaya, na utaona sababu.

Jumatatu tulifungua kichwa cha injini ya lori la Mzee Sadallah, mwenye gereji. Nilitoa valvu zote kumi na mbili, nikazisugua masizi, nikazipanga kwenye ubao wa matundu kwa namba, kama ulivyonifundisha. Mzee akaja akauliza kama ziko sawa. Kwa kujifanya fundi wa macho makali, nikamjibu kwamba zote ni nzima. Nilikuwa bado sijagonga hata moja kusikia kama ina ufa.

Jumatano ndipo nilipozigonga kwa spana. Sita za kwanza zililia vizuri. Ya saba ilitoa sauti ya kufa. Nikaipeleka juani, nikaona ufa mwembamba chini ya shingo. Valvu mpya ni mpaka Mombasa, wiki tatu, na Mzee alishasema fundi atakayelichelewesha lori atafute gereji nyingine.

Basi nikaisaga na kiti chake, pale inapokalia, mpaka ikang'aa. Nikafunga, nikamimina mafuta ya taa juu yake, nikakaa kuyatazama muda wote wa chakula. Halikupita hata tone. Mzee alinisifu mbele ya watu, nami nikapokea sifa, huku nikijua vizuri kwamba mafuta ya taa hayaoni ufa wa shingo.

Lori linaondoka leo kuja huko, na dereva ni Mwinshehe. Ndiye aliyenipokea nilipofika Temeke sina pa kulala, na mpaka leo nakula kwao. Hunitania kwamba sie walaji senene tutamaliza panzi wote wa mji. Shingo ile ikikatika mlimani injini itakufa, na lori lenye mzigo litarudi nyuma naye akiwa ndani.

Kaka, nimeficha, na naona aibu. Mara mbili asubuhi hii nimemfuata nimwambie, mara mbili nikaishia kumwuliza hali ya mama yake. Mdomo umenishinda. Kwa hiyo barua hii siifungi. Nampa Mwinshehe mwenyewe, aisome yote kabla hajawasha gari, kisha aipeleke kwa Mzee. Kazi uliyonitafutia nimeipoteza kwa mkono wangu, unisamehe.

Asipoisoma, atakuletea yeye mwenyewe, akijaliwa kufika. Basi usimruhusu arudi na lori hilo. Lakini mimi nimeshabandika stempu, maana naamini ataisoma, na barua itakufikia kwa posta.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mama ukimwandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Wilbert