Tisa Waliohamishwa

Jumatatu, 3 Juni

Nimekabidhiwa jengo la mawe. Si kulisafisha — kuliandikia historia! Mkuu wa chuo anataka mistari michache ichongwe kwenye bamba la shaba, litundikwe mlangoni wiki ijayo. Hospitali ya jeshi, kisha bweni la wanafunzi, sasa maktaba na ofisi yangu. Kazi ya asubuhi moja. Ila chumba cha chini kinanuka mkaa, na humo hamjawashwa jiko miaka arobaini. Nimetoka kichwa kinaniuma.

Mama amefurahi kupita kiasi. Kaka yake, mjomba ninayemjua kwa picha tu, alisoma hapa, akalala bweni hilo. Akahamishwa, asiandike tena. "Wewe ndiye uko kwenye makaratasi yao, mwanangu. Niangalizie walimpeleka wapi. Nisife sijui."

Jumanne, 4 Juni

Nimempata! Daftari la bweni, ukurasa wa mwisho. Jina lake, na mbele yake: amehamishwa. Wengine wanane pia, siku hiyohiyo, mwandiko mmoja. Safu ya "anakokwenda" — tupu kwa wote tisa.

Nikiwa nanakili, mtu amekohoa nyuma ya rafu. Nimesema karibu. Nimezunguka rafu zote, hakuna mtu. Nimeogopa, sifichi. Nimemalizia kunakili nimesimama mlangoni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempelekea majina fundi cherehani wa chuo, mzee aliyeshona sare hapa tangu ujana wake. Akasoma, akaondoa mguu kwenye cherehani. Asubuhi ya siku hiyo ya daftari aliletewa sare tisa afumue majina, wapewe wengine. "Mwanangu, anayehamishwa haachi sare."

Mengine kayasema kwa sauti ya chini. Ilikuwa baridi. Walifungiwa chumba cha chini kwa adhabu, komeo kwa nje, wakaachiwa jiko la mkaa wasigande. Asubuhi hakuamka hata mmoja. Walizikwa wapi — hajui.

Nimekwenda kwa mkuu. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniudhi. Maneno ya fundi si karatasi, kasema. Niandike kama daftari lisemavyo, au mstari wa hao tisa uondoke. Na daftari aliliandika nani? Hilo nimemuuliza moyoni tu. Mwoga mimi!

Nimempelekea mchongaji karatasi. Neno la mwisho nimelikata nusu, nikaandika nusu nyingine juu yake, nikaikata na hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kaja ofisini bila taarifa, kavaa nguo zake nzuri. Nimemweka mbali na ngazi za chini. Akanusa. "Nani kaweka mkaa humu?" Nikasema sijui. Nimemdanganya mama yangu.

Mara mchongaji akapiga simu. Ana sauti ya kujaza chumba. "Dada, nimeshachonga 'Wanafunzi tisa waliolala hapa wali', nimekwama. Wali nini? Tunapika?" Akacheka peke yake.

Walihamishwa. Walikufa. Nusu ya neno iko kwenye shaba tayari, na inafaa kote kuwili.

Nimemwambia asubiri. Naandika hapa ili nipate pa kutazama. Bado yuko hewani, namsikia akipuliza vumbi. Mama amesogeza kiti hadi mezani.

"Si wale wa bweni la kaka? Mbona humjibu mtu wa watu? Mwambie, na mimi nisikie."