Kaka Akilimali na Vijiko Vilivyolowa

Mwaka umetimia, Kaka Akilimali, tangu asubuhi ile ya Septemba 2021 ulipotutoka hospitalini, Sydney ikiwa imefungwa kwa korona na barabara za Granville zikiwa kimya kama shamba. Tulikuzika watu kumi, ndio walioruhusiwa. Wengine walikuaga kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa inakatika.

Bado unatutembelea. Chibalonza, mke wako, anasema unakuja alfajiri na lile koti lako la kiwandani, unasimama jikoni, unagusa sufuria kwa mgongo wa mkono kuona kama imekauka, halafu hupo. Mimi nakuona kwenye treni ya kutoka Minto, mtaani kwetu, nikisinzia. Dirisha linakuwa jekundu kama mdomo wa tanuri, nawe umekaa mkabala nami, huna haraka.

Hukuwa malaika. Uliimba vibaya kanisani, tena kwa sauti kubwa. Lakini hakuna mgeni wa kutoka kwetu Bukavu aliyefika Minto ukakosa kumpelekea blanketi na mfuko wa unga. Miaka kumi na moja uliyeyusha chuma, na hakuna mtu aliyeungua kwenye zamu yako.

Ile fomu ya kutathmini hatari, sisi tuliisaini tukinywa chai, bila kusoma. Wewe uliisoma kila asubuhi kwa kidole, mstari kwa mstari: nini kinaweza kuumiza mtu, nani ataumia, tufanye nini. Bizimana, mwenzetu wa zamu, alikutania, "Mzee, hiyo ni fomu ama ni Biblia?" Ukamjibu, "Biblia ni ya ukishakufa. Hii ni ya kabla."

Kisha zikaja amri za korona. Mimi, mdogo wako Murhula, nikapewa chupa ya dawa nipulize kila kinachoshikwa na mikono: vitasa, meza, mipini. Siku moja ya Agosti nikapuliza hata vile vijiko virefu vya kuengua takataka juu ya chuma kilichoyeyuka. Nilivilowesha toka mpini hadi kichwa, vikawa vinatiririka. Nilijiona mfanyakazi hodari.

Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuengua. Uligusa kijiko, ukakirudisha chini.

"Nani amevilowesha hivi?"

"Mimi," nikajibu kutoka kwenye sinki. "Si ndiyo amri?"

"Petit, mdogo wangu, maji yakizama ndani ya chuma cha moto, chuma chote kinaruka. Unataka kutupika?"

Watu wakacheka. Bwana Oloo, msimamizi wetu kutoka Kisumu, akatazama saa. "Akilimali, wacha hiyo maneno. Ni matone tu. Kwani nani amewahi kufa hapa kwa tone la maji?"

"Bado," ukasema.

Ukachukua fomu, ukaandika kwa herufi kubwa kwamba vijiko vina maji, ukakataa kusaini. Tulikaa saa nzima tukingoja vijiko vipate moto pembeni mwa tanuri mpaka vikauke kabisa.

Mimi nilinuna. Siku tisa sikukusalimu. Tulipanda treni moja, na kwa kuwa kila mtu alitakiwa kukaa mbali na mwenzake, hakuna aliyejua kwamba tumegombana. Jumapili uliniachia bakuli la sombe, majani ya muhogo ya kwetu, mlangoni. Nilikula, sikukupigia simu. Siku ya kumi ukaanza kukohoa.

Hospitalini hatukuruhusiwa kuingia. Nesi mmoja Mkenya, Peninah, Mungu ambariki, alikuwekea simu sikioni. Ulikuwa umelazwa usingizi, mashine inakupumulia. "Ongea tu, baba," akaniambia. "Hawezi kukujibu, lakini ongea." Nilisema kidogo, nikalia sana. Sijui kama kuna neno lililokufikia.

Mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye mafunzo ya usalama, tulionyeshwa video ya kiwanda cha nchi nyingine. Kijiko chenye maji, sekunde moja, na paa likatoboka. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara. Nikapanga kichwani kila mtu alisimama wapi siku ile. Bizimana, kushoto kwako. Oloo, nyuma yako. Wewe, kijiko mkononi. Mimi nilikuwa mbali, kwenye sinki, najaza chupa. Ningebaki mimi peke yangu.

Kaka, ulinikemea mbele ya watu, na mimi nakuomba msamaha mbele ya watu. Ulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kiburi.

Unakumbukwa na mke wako Chibalonza. Watoto wako Aksanti na Nicole. Wadogo zako Symphorien na mimi Murhula. Na wenzako wa tanuri, Bizimana na Bwana Oloo, ambao wote ni wazima.

Tutakukumbuka siku zote za uhai huu uliotulindia.