Nani Anapika Nyumbani Kwako

Mama,

Nimejifungia chumbani mwako hapa Nyamasaria, mlango nimeusukumia kiti, na nakuambia bila kuzunguka kwamba nimekukasirikia. Ningekuwa nimekusamehe kama ungekuwepo nikugombeze uso kwa uso. Lakini hupo, kwa hiyo utasoma.

Tangu tukuzike nimekuwa nikija kila Ijumaa kutoka Kombewa, nikishamaliza vipindi vyangu shuleni. Nilikuja kumwangalia Baba. Watu walikuwa wamenionya kwamba mwanaume akifiwa na mke huwa hali, hafui, shati linaanza kumning'inia. Nikajiandaa kwa hayo. Nilibeba unga, sabuni, maziwa na machozi ya akiba. Sasa Mama, wiki zilivyopita, Baba hakukonda. Baba alinenepa.

Unanijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba mimi hata nikipewa zawadi nainusa kwanza. Nikajiambia, mtu aliyefiwa akanenepa, yupo anayemlisha.

Nikaanza kupeleleza. Kwanza bustani yako. Nilitarajia nikute magugu hadi kiunoni, nikakuta udongo umelimwa, umelowa maji, na ile osuga yako imechumwa vizuri kuliko ninavyochuma mimi. Huo mnavu ulikuwa umekatwa kwa kucha, vile vichwa laini tu, ili ubaki uchipue tena. Mwanaume hachumi hivyo. Mwanaume hung'oa mche mzima na mizizi yake, halafu anakuuliza kama inatosha. Nilichuchumaa pale kando ya tangi nikashika kile kikonyo kilichokatwa, na moyo ukaniambia kuna mwanamke amepita hapa.

Halafu mvinyo. Uliacha chupa kumi na moja za mvinyo wako wa rosela kule stoo, nilizihesabu wiki ile ile ya mazishi, unisamehe. Zikawa tisa. Zikawa saba. Wewe huo mvinyo ulikuwa humpi kila mtu. Mchungaji mwenyewe ulimpa juisi ya maua yale yale ukamwambia ndiyo iliyobaki. Sasa nani huyo anakunywa na Baba, na kwenye glasi ipi?

Lakini kilichonimaliza ni chungu. Ijumaa moja niliingia nikakuta chungu chako juu ya jiko, kimefunikwa kwa sahani. Nikamuuliza Baba nani amepika. Akasema jirani ameleta. Jirani yupi? Akasema, wa huko. Huko wapi? Akanyoosha mkono kama anafukuza nzi, akaenda kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Mama, upande wa kulia wanakaa Wahindi ambao hawajawahi kugusa osuga, na upande wa kushoto kuna bachela anayeishi kwa chipsi. Nikachukua kijiko nikaonja.

Ilikuwa ni yako. Sisemi ilifanana. Ule uchungu unaokuja kwanza, halafu maziwa yanaufuata pole pole na kuutuliza, na mwishoni kile kitu ambacho sikuwahi kujua ni nini. Nilisahau kutafuna. Nililia nimesimama na kijiko mkononi, na nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira. Mwanamke anaweza kuchukua kiti chako, hata kitanda, wanaume ni wanaume. Lakini huyu alikuwa amechukua mkono wako.

Maana osuga yako si ya kuibwa kwa siku moja. Siku ya kwanza inachemshwa kwa maji ya majivu, halafu maji hayo yanamwagwa. Ya pili inatiwa maziwa. Ya tatu inatiwa maziwa tena na kuachwa kwenye moto mdogo mpaka ikauke. Na siku hiyo ya tatu ulikuwa unafunga mlango wa jikoni, sisi sote tunakaa sebuleni tukimeza mate. "Mboga ya siku ya tatu haitaki macho mengi," ulikuwa ukisema. Nimekua nikiamini hivyo. Nimewaambia hata wanafunzi wangu. Kwa hiyo huyo mwanamke, nikawaza, alikuwa analala hapa siku tatu mfululizo, katikati ya wiki, mimi nikiwa Kombewa nafundisha sehemu za ua.

Nikamfuata. Ndiyo, nilimfuata baba yangu, mtu mzima na shahada yangu. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo mlikuwa mkienda Dunga kupanda boti ya matembezi, wewe na kofia yako pana, na chakula kwenye kikapu kama mnakwenda Ulaya, aliniaga akasema anakwenda kunyoa. Amebeba kikapu. Nani anakwenda kunyoa na kikapu?

Nilikaa kwenye kibanda cha samaki pale ufukweni, nikaagiza ngege wa kukaanga ili niwe na kitu cha kujificha nyuma yake. Bahati yangu, magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo yakaziba njia, boti ikakwama pale pale karibu na gati, nikaona kila kitu. Watalii wanapiga picha viboko ambao hawapo. Baba amekaa nyuma, mahali penu. Na pembeni yake mwanamke, mweupe kidogo, leso kichwani, tabasamu pana. Baba akafungua bakuli lako la bluu. Akampa kijiko. Yule mwanamke akaonja, akafumba macho, akasema kitu, na Baba akacheka. Hajacheka tangu wewe uondoke, Mama. Samaki wangu alipoa nikamwacha.

Sikungoja nifike nyumbani. Nilimpigia Waya pale pale. Unamjua dada yake Baba, hana subira na kaka yake na hakuwahi kuwa nayo na wewe. Nikamwambia Baba ameshapata mwingine, na udongo wako haujakauka. Waya hakushangaa hata. Akasema atakuja Jumapili ya wiki inayofuata baada ya kanisa, pamoja na wazee wawili wa ukoo, waketi na Baba wamuulize, na kama ni kweli basi asitarajie wakae naye meza moja tena. Nilikata simu nikahisi nimefanya kazi yangu.

Sasa sikiliza. Alhamisi ile shule ilifungwa mapema kwa sababu ya mtihani, nikaja bila kusema. Mchana mweupe. Mlango wa jikoni umefungwa. Nikasikia mwiko unagusa chungu, pole pole. Nikasema moyoni, leo ni leo, nikasukuma.

Alikuwa Baba peke yake. Amevaa aproni yako ya maua, imemfika juu ya goti, anamimina maziwa kwa kijiko, anakoroga, anamimina. Aliponiona alificha mwiko mgongoni. Mzee wa miaka yake, Mama, ameficha mwiko mgongoni kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari. Maziwa yakamtiririkia kwenye suruali.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alizima jiko kwanza, kwa sababu alisema ikiungua ni bure, halafu akakaa kwenye kile kistuli chako.

Ni yeye. Ni yeye tangu mwanzo, na ulijua, na ulikufa bila kuniambia. Ile kazi yake ya melini ambayo sisi tulidhani ni ya injini, ilikuwa ya jikoni. Alipikia mabaharia wa ziwa hili miaka saba, na mpishi mkuu, mzee wa kwetu, ndiye aliyemfundisha ile ya siku tatu. Halafu akakuoa wewe, Nyar Nyakach, binti mrembo wa Nyakach kutoka Pap Onditi ambaye, anasema kwa heshima, aliunguza hata chai. Mama mkwe wako alikuwa ameshaanza kuuliza kama kwenu hawafundishi wasichana. Ndipo mkapatana. Akapika yeye, wewe ukapakua. Na zile siku za tatu ambazo mlango ulifungwa, wewe ulikuwa umekaa kwenye kistuli ukimsimulia habari, na yeye anakoroga.

Nikamuuliza kwa nini hamkusema tu. Kupika si wizi. Akaniangalia kwa huruma fulani.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "mwanaume kupika kwa mshahara, hiyo ni kazi. Lakini apikie bibi yake? Wangesema Nyar Nyakach amenilisha dawa. Mimi wangenicheka. Yeye wangemfukuza."

Nilijua ni kweli. Ningeweza kumsikia Waya akilisema neno hilo hilo.

Na yule wa boti? Muuza chai tu, Mama Shiru, ametoka Murang'a juzi juzi, anauza chai na mandazi mle botini na hajui mila zetu wala hamjui Baba ni mtoto wa nani. Baba alikuwa anampelekea aonje. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ulimi wake. Unaonja, unasema "ongeza kidogo" au unasema "acha hapo." Tangu uende hajui kama inatosha, na hana mtu wa kumuuliza Nyamasaria nzima. Mama Shiru alimwambia kwao managu, ndiyo osuga yao, hawaweki maziwa mengi hivyo, lakini hii angeweza kuila mpaka Pasaka. Ndicho kilichomchekesha. Nilipouliza kuhusu mvinyo, akaniuliza yeye anywe na nani mwingine, anakunywa glasi moja jioni akiwa bustanini. Mvinyo, anaapa, uliutengeneza wewe. Nilimwangalia sana aliposema hivyo. Naamini. Kwa kiasi kikubwa naamini.

Ndipo nikakumbuka mazishi. Nilisimama mbele ya watu mia ngapi nikausifu mkono wako, nikasema hakuna kama wewe jikoni kutoka Nyakach mpaka Seme. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni huzuni.

Siku hiyo sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba Jumapili wanakuja, na ni mimi niliyewaita. Nilimwambia Ijumaa asubuhi, nikiwa nimegeuka dirishani. Akasema basi lazima wageni wale, na akaenda kuchuma. Nilimkumbusha kwamba siku tatu hazitatimia kabla hawajafika. Akasema ya Alhamisi bado ipo chunguni, ataiongezea.

Walikuja. Waya na kitenge chake cha vikao, wazee wawili wenye njaa. Waya hakutaka kula kwanza, alitaka kuanza na neno. Lakini wazee walikuwa wameshanawa, akalazimika. Baba alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, mimi nikapakua kama ulivyokuwa ukipakua. Waya akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Hii ni ya Nyar Nyakach," akasema. "Na Nyar Nyakach tulimzika. Nani amepika hii?"

Wazee waliacha kula. Baba alinitazama. Mama, najua alichokuwa anakwenda kusema. Alikuwa amechoka. Midomo yake ilikuwa tayari imefunguka, angesema, na kabla jua halijatua wewe ungekuwa mchawi kaburini na yeye mzee aliyerogwa miaka thelathini na tano bila kujua.

"Ni mimi, Waya," nikasema.

Akaniuliza tangu lini. Nikasema ulinifundisha kabla ya kuugua, mlango ukiwa umefungwa. Akaniuliza na yule mwanamke wa botini je. Nikasema nilikosea, ni muuza chai, nilihukumu kwa macho ya kilio, na nikaomba msamaha kwa Baba mbele yao. Kuomba msamaha huko hakukuwa uongo. Waya alinitazama kama mimi ninavyowatazama watu, nadhani ni kwake nilirithi. Halafu akasukuma sahani niongeze.

Sasa nimepatikana. Waya ameshasema Jumamosi ijayo analeta akina mama wa kanisa nyumbani kwake, niwafundishe. Mimi, ambaye mayai yananishinda. Baba anacheka jikoni peke yake, namsikia kutoka hapa. Amesema tutaanza na kuchuma, maana hata kuchuma sijui, halafu nitakuwa namwonjea. Nimeonja leo. Nikamwambia aongeze kidogo. Sijui kama ilikuwa kweli inahitaji, lakini alifurahi mno.

Bado nimekukasirikia, lakini si kama nilipoanza kuandika. Mlikuwa na kitu chenu wawili, mkakifungia ndani, na mimi mpelelezi wa nyumba hii nikakaa nje ya mlango huo miaka yote nikinusa harufu tu. Nakuonea wivu, Mama. Sijawahi kupendwa na mtu wa kunipikia kwa siri.

Sasa lala. Hii hapa ahadi yangu, na utanishika kwayo. Mdomo wangu nitaufunga muda wote Baba atakapokuwa hai. Lakini siku tutakayomlaza kando yako, nitasimama tena mbele ya watu, wa Seme na wa Nyakach, na Waya akiwa mstari wa mbele kama atakuwepo, na nitasema ni nani aliyekuwa akipika nyumbani kwako, na kwa nini. Wakitaka kusema ulimlisha dawa, waniambie mimi usoni. Hadi siku hiyo, mpishi wa nyumba hii ni mimi.

Binti yako asiyejua kupika,
Akinyi