Bolti Yako Ni Nzima

Baba Mutua,

Bolti yako ni nzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya watoto. Niliifungua mwenyewe kwenye mashine ya kupukuchua mahindi tulipomaliza matanga, nikaipangusa mafuta na damu yako, nikaitazama juani. Haina hata mkwaruzo. Wewe ndiye uliyekatika.

Hapa Matiliku wanasema ilikuwa ajali. Mimi nilikuwepo. Fundi aliyetuletea mashine kutoka Mbumbuni alieleza mbele ya kikundi chote cha akina mama: bolti inayounganisha mashine na mhimili wa trekta ni laini makusudi. Jiwe likiingia, bolti inakatika, mashine inasimama. Ukacheka. Miaka yote ile kwenye karakana ya ndege Nairobi, halafu mtu wa Mbumbuni akufundishe bolti! Ukatoa yako kwenye kopo ulilorudi nalo. "Hii imebeba watu hewani," ukasema. "Hii haikatiki, mama."

Na ulipima vizuri, hapo sikunyimi haki yako. Tuliinama pamoja ukinieleza: unene wa bolti ya ndege huhesabiwa kwa inchi iliyogawanywa mara kumi na sita, urefu kwa inchi iliyogawanywa mara nane. Sehemu isiyo na meno ilingane na unene wa vyuma inavyobana, meno yasikae ndani ya tundu. Ikizidi kidogo, tia washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu. Nilipenda kukusikiliza, we mwanamume. Ikaingia kama kidole kwenye pete. Lakini mimi sikukuuliza kipimo. Niliuliza, jiwe likiingia itakatika? Ukaniambia niende nikapepete mahindi.

Jiwe likaingia. Bolti ikakataa kukatika, gurudumu la chuma likapasuka, na kipande kikakupata mbavuni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu tu, ningekubeba mgongoni hadi uzeeni na kukusimanga kila siku.

Sasa ndugu yako Kimeu amekuwa wakili wako. "Hiyo bolti ndugu yangu aliweka, hakuna mtu ataguza!" alipiga kelele hapo uani siku niliyoifungua, watu wakisikia. Ikitolewa, kila mtu atajua ulikosea, na yeye afadhali mwingine afe kuliko jina lako liguswe. Mama yako haitikii salamu yangu. Kanisani wananong'ona kwamba nina roho ya jiwe, mjane gani anamsema marehemu. Kikundi kilitaka mashine iuzwe kama vyuma chakavu, na watoto wako wale nini? Nikatafuta gurudumu lingine, nikatia bolti laini ya dukani.

Jana jiwe liliingia tena. Kimeu alikuwa amekuja kugombana nami kama kawaida yake, amesimama palepale ulipokuwa umesimama. Kilisikika kishindo kidogo tu, mashine ikanyamaza, trekta ikabaki inanguruma bure. Kimeu akaokota vipande viwili vya bolti. "Takataka gani hii?" akauliza. Nikazitazama mbavu zake, zote zipo, na nikakuchukia kuliko nilivyokuchukia siku ya mazishi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Nililia mbele yake, naye akanihurumia, asijue kwamba takataka hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Nimekukosa, Baba Mutua. Sitaki kusema zaidi ya hapo, nitaharibu karatasi.

Mutua ameanza kushika spana. Amefungua baiskeli yote na kuirudisha, na anakunja midomo kama wewe akikaza nati. Anataka kuwa fundi wa ndege, na sitamzuia.

Pumzika, kama huko wanakuruhusu kupumzika bila kubishana. Mimi nakuahidi jambo moja: mwanao akiniuliza, nitamwambia kwanza kwamba baba yake aliuawa na kiburi chake, halafu nitamwambia kwamba nilimpenda. Sitageuza mpangilio huo, hata mama yako akinilaani.

Mkeo,
Ndinda