Kadi ya Marovich

Tucson, 9 Februari 1987

Baba mpenzi,

U hali gani na theluji ya huko? Goti je? Mimi na Russ wazima, ila jua la huku halina adabu hata wakati wa baridi.

Kaa chini kwanza. Nimempata Marovich! Yule mdakaji wa akiba, kadi pekee tuliyokuwa tumeikosa kwenye seti yetu ya mwaka 1964 ya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli. Tumemtafuta tangu nina miaka tisa, kumbe amelala mnadani kwenye kopo la biskuti, kona moja imekunjika kidogo. Namtuma leo kwa rejista. Ukishamweka mahali pake kwenye albamu, niandikie umejisikiaje.

Binti yako,
Noreen

Dayton, 16 Machi

Mwanangu Noreen,

Goti linanung'unika kama kawaida yake, mengine salama. Jana nilipika maharage na soseji, nikaunguza sufuria ya marehemu mama yako.

Marovich hajafika. Posta za siku hizi, jamani! Usivunjike moyo, tuendelee kumtafuta. Unakumbuka kule Toledo, ulipompa yule mtoto wa mchungaji kadi tatu kwa moja, ukadhani umemlalia, kumbe yeye ndiye kakulalia? Nilicheka hadi nikasimamisha gari. Nikifunua ukurasa wenye kadi ile bado nacheka.

Baba yako

Tucson, 2 Aprili

Baba,

Natumaini hujambo. Mimi sijui kama sijambo. Posta wameniletea stakabadhi ya rejista, na chini kuna sahihi yako, ile S kama ndoana.

Sasa nielewe nini? Ulipokea ukasahau? Umemuuza? Nikipiga simu unaniambia maziwa yanachemka, unakata. Baba, wewe hunywi maziwa. Kama unaumwa, niambie. Heri nijue.

Noreen

Dayton, 14 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Akili ninayo, usiogope. Marovich yumo kwenye droo ya vijiko.

Siku alipofika nilifungua albamu, nikamshika juu ya kimfuko chake kitupu, mkono ukagoma. Sikujielewa. Miaka yote nilikuwa naingoja siku hiyo, nayo ikanikuta nimekaa jikoni kama niliyefiwa upya. Tangu tumzike mama yako, barua zako zinaanza na goti langu na kuishia kwa Marovich. Nikajiuliza, huyu akishaingia, mtoto ataniandikia nini? Goti peke yake haliwezi kubeba barua.

Basi ndiyo hayo. Yamenichanganya hata mimi.

Baba

Tucson, 22 Mei

Baba yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama juani, mlangoni. Nikacheka, kisha sijui nikawaje. Hebu leo tusiongee kadi.

Russ ameniacha. Aliondoka tangu Novemba. Kila nilipokuandikia kwamba sisi wazima, alikuwa Phoenix na mwanamke wa ofisini kwao. Sikujua pa kulichomeka jambo hilo. Barua zetu zilikuwa za kadi, niliona nitaziharibu. Bado nalala upande wangu ule ule wa kitanda, sijui kwa nini. Nimejifunza kubadilisha tairi. Sijui kama nina huzuni au nimepumua, wala kama nibaki huku au nirudi. Naandika bila kujua nataka unijibu nini.

Mwanao,
Noreen

Dayton, 27 Mei

Mwanangu,

Pole sana, mama.

Marovich nimemweka leo asubuhi. Nilidhani furaha yetu itaishia hapo. Haikuisha. Nilianza kufunua kutoka ukurasa wa kwanza, chakula cha mchana kikanipita. Kila kadi na siku yake, na karibu zote wewe umo, na makamasi yako na ubishi wako.

La Russ sijui niseme nini, kwa hiyo sitalisema kwa karatasi. Basi la kuja huko linaondoka Jumamosi, albamu nitaipakata. Mimi kochi lako linanitosha.

Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta nyumbani.

Baba yako