Pemba ku Milima ya Bulaya

Jumamosi, mvua imeacha

Bwana yangu amerudi! Na mbele ya kuuliza habari ya batoto, anaanza na milima.

Patron wake wa kazi alimupeleka Bulaya apike, sababu yeye na Madame balienda kuteleza mu neige, ile baridi yao nyeupe. Tangu bwana yangu aondoke sikulala muzuri. Kila ndeke ikipita juu ya nyumba, natoka inje kuitazama.

"Mama Albert, kiwanja ya ndeke iko kulekule juu, katikati ya milima. Tulishuka, ndeke inatikisika, Madame analia. Mimi, hata kidogo."

"Weye? Unaogopaka hata ngazi!"

"Nilitazama inje, nikaona milima yote imepakwa pemba. Nikajisemea: bantu ya huku banatupokea na furaha, hakuna mubaya itatufikia."

Nilicheka mpaka machozi. Pemba, ule udongo mweupe kwetu tunapakaka muntu ku mikono akirudi muzima! Nani atapaka mulima?

Yeye hakucheka. "Tulipofika chini niliishika ile pemba yao, ikageuka maji mu mukono. Pale ndio woga ilinikamata. Nikasema, kumbe huku hakuna muntu ananipokea."

Padri hapendi mambo ya pemba. Nitaungama. Nilitosha mu sanduku ile pemba mama yake alituachia, nikamupaka mikono yote mbili, polepole.

Sasa analala, mwanaume muzima, mikono inje ya blanketi ili isifutike. Mbu zinamushambulia. Mukono moja naandika, mwingine namufukuzia.